Mkasi Uwe wa Mwisho: Wasomaji Wauliza Kuhusu Mashuka ya Viraka Yaliyokwenda Upande

Ukurasa huu kwa kawaida hupokea barua za mambo mbalimbali ya ushonaji, lakini mara hii zilizokuja zimeelekea upande mmoja, kiasi kwamba nimeona heri nizijibu pamoja. Wasomaji wamekusanya mabaki ya vitenge, khanga na popilini, wameyakata vipande vipande na kuviunganisha kuwa shuka kubwa la viraka, na sasa, kabla ya kutia pamba na kitambaa cha chini, wamegundua kwamba uso wa shuka hautaki kukaa mraba. Barua ya kwanza nimeichapa karibu yote kwa sababu mwandishi wake alipima kabla ya kulalamika, na vipimo vyake vinasema mengi.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Morogoro. Nimeunganisha miraba 144 ya vitenge, 12 kwa 12, kwa ajili ya kitanda cha sita kwa sita. Kila mraba niliukata sentimita 21 na nusu ili ukishashonwa ubaki sentimita 20. Nilipomaliza nikakuta ukingo wa juu una sentimita 241 na wa chini una 238. Nikipima kona kwa kona napata 344 upande mmoja na 338 na nusu upande wa pili. Katika safu nne za chini kona za miraba hazikutani, na katikati ya shuka pamefura. Jirani yangu ananishauri nichukue mkasi nipunguze pembeni mpaka likae sawa. Je, nifuate ushauri huo?*

Marahaba, mama. Rudisha mkasi kabatini kwanza. Ukikata pembeni, kosa halitoki. Linahama tu kutoka kwenye mishono na kwenda kwenye miraba ya ukingoni, ambako kila mtu ataliona. Nalisema hili kwa sababu niliwahi kulitenda. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilishona shuka la bibi harusi lenye miraba midogo ya sentimita 10, nikaona limekwenda upande, nikalipunguza sentimita sita upande wa kulia. Juu ya meza likawa mraba kwelikweli. Lilipotandikwa kitandani, safu ya kushoto ilikuwa na miraba mizima na ya kulia ilikuwa na vipande vya upana wa vidole viwili, na mama yake bibi harusi hakuhitaji futikamba kuliona hilo. Alitazama mara moja tu, akaniuliza kama kitambaa kiliniishia.

Sasa tuusome ugonjwa wa shuka lako. Safu yenye miraba 12 ina mishono 11, na kila mshono hula kitambaa pande mbili, cha mraba wa kushoto na cha mraba wa kulia. Ulikusudia akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya uzi, ya milimita saba na nusu. Ukishona kwa milimita tisa umezidisha milimita moja na nusu tu, ambayo ni unene wa mstari wa chaki butu, lakini mshono huo umekula milimita tatu za ziada, na mishono yote 11 imekula milimita 33. Upana uliostahili kuupata, pamoja na akiba za pembeni, ni sentimita 241 na nusu. Toa tatu na milimita tatu, unabaki na sentimita 238 na milimita mbili, ambacho karibu ndicho kipimo cha ukingo wako wa chini. Kwa hiyo miraba uliikata vizuri. Kilichobadilika ni mkono wako ulipofika kwenye cherehani. Pengine safu zile nne ulizishona usiku, au siku nyingine, au kwa cherehani ya kuazima ambayo mguu wake ni mpana kuliko wa kwako.

Kufura kwa katikati nako kunatokana na jambo hilohilo. Kitambaa kinapofura katikati, maana yake pembeni kumebana. Kinapopiga mawimbi pembeni, maana yake pembeni kumerefuka kuliko katikati. Safu zako za chini zimevuta ukingo ndani kama uzi unaokaza mdomo wa mfuko, na kitambaa cha katikati, kisipokuwa na pa kwenda, kimepanda juu. Ama vipimo vya kona kwa kona, tofauti ya sentimita tano na nusu huonyesha kwamba shuka zima limelala upande kwa takriban sentimita nne. Sentimita nne zinatisha ukizisikia, lakini ukizigawa kwa safu 12 kila safu imeteleza milimita tatu na kitu, na kitambaa cha pamba chenye unyevu hukubali kurudishwa kwa kiasi hicho.

Anza kwa pasi, wala usilifue shuka kwanza, kwa maana kingo za ndani bado ziko wazi na zitachambuka. Geuza shuka upande wa nyuma, lirashie maji kidogo, kisha nyanyua pasi na kuikandamiza, nyanyua na kuikandamiza, bila kuiburuta. Baada ya hapo geuza upande wa mbele na utazame kila mshono kwa karibu: mara nyingi utakuta ukunjo mdogo umelala kando ya uzi, kitambaa kimejikunja milimita moja juu ya mshono na pasi ikakipiga hapohapo. Ufungue ukunjo huo kwa ncha ya pasi. Nimewahi kuona safu ikirefuka sentimita nzima kwa kazi hiyo peke yake, bila kugusa uzi hata mmoja, na ndiyo maana sikubali mtu afumue chochote kabla hajapiga pasi.

Kisha tandaza shuka sakafuni. Kama nyumba ina vigae, una bahati, maana mistari kati ya vigae ni rula iliyokwisha kulazwa, ilimradi aliyeviweka alikuwa fundi mzuri. Hakikisha kwa kupima kabla ya kuviamini. Kama sakafu ni ya saruji tupu, fanya kama waashi wanavyofanya wanapoweka msingi: vuta uzi uliopakwa chaki kutoka kona moja hadi nyingine, uuachie upige sakafu, uache mstari. Shuka likishatulia, usipime kingo. Kingo ndizo zilizoshikwashikwa na kuvutwa zaidi, na hazisemi kweli. Pima katikati, kisha robo ya juu na robo ya chini, halafu pima kila safu peke yake, kutoka ukingo hadi ukingo, na uandike namba kwenye karatasi kwa mpangilio wa safu. Safu zenye hatia zitajitokeza zenyewe. Funga kipande cha uzi mwekundu mwanzoni mwa kila moja ili usizipoteze utakapoinua shuka.

Katika safu hizo nne mishono ni mipana mno, kwa hiyo dawa yake ni kuifumua na kuishona upya karibu zaidi na ukingo. Fumua kwanza mshono mrefu unaoiunganisha safu na jirani zake, safu iwe huru, ndipo uguse mishono mifupi ya ndani. Usivute vitambaa viwili ili uzi ukatike, kwa kuwa kitenge huvutika na tundu hubaki. Kata uzi wa upande mmoja kwa ncha ya wembe kila baada ya mapigo matatu au manne, geuza kitambaa, kisha uvute uzi wa upande wa pili. Utatoka mzima mkononi. Hulazimiki kufumua mishono yote 11. Ukirekebisha saba utarudisha milimita 21, zitabaki 12 za kugawanywa kwa miraba 12, na milimita moja kwa kila mraba huweza kumezwa wakati wa kushona, kwa namna nitakayoieleza sasa hivi. Angalizo moja: kama kwingineko utakuta mishono ambayo ni myembamba mno, hiyo haihitaji kufumuliwa kwanza. Piga mstari mpya ndani ya ule wa zamani, upige pasi, ndipo ufumue ule wa nje. Mshono wenye akiba iliyo chini ya milimita nne usiuache hata kama kipimo kimekubali, kwa sababu kitenge kitachambuka hapo baada ya kufuliwa mara chache.

Kabla ya kuzirudisha safu mahali pake, zipige pasi kwa kupishana: safu moja akiba zote zilale kulia, inayofuata zilale kushoto. Ukiziweka uso kwa uso, akiba hizo zitaumana kama meno ya zipu na utasikia kwa kidole gumba kwamba mshono umekaa juu ya mshono mwenzake. Toboa pini hapo, kwenye kila makutano, kabla ya kitu kingine chochote. Sasa kati ya pini na pini utaona upande mmoja una kitambaa cha ziada, kidogo tu, kimelegea. Upande huo uwe chini, juu ya meno ya cherehani. Meno husukuma kitambaa cha chini mbele na mguu hukizuia kidogo cha juu, kwa hiyo ziada humezwa polepole bila kukunjamana. Ukiweka kinyume, utafika kwenye pini na kibonge cha kitambaa kimekusubiri. Kwa uzoefu wangu, ziada isiyozidi milimita tano kati ya pini mbili humezwa; inayokaribia sentimita nzima ni ya kufumua, na hakuna ujanja wa kuikwepa.

Ukimaliza safu, pima tena kona kwa kona. Tofauti iliyobaki iondoe kwa maji na mikono ya watu wawili. Lowesha shuka kidogo, wewe ushike kona moja na mwenzako kona ya mkabala, zile ambazo umbali wake ni mfupi, mvute kwa pamoja kwa utulivu, mlilaze juu ya zulia au godoro, mlitoboe pini kuzunguka, mliache likauke hapohapo. Likishakauka, kabla hata ya kuondoa pini zote, piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia, kuzunguka ukingo mzima, ndani ya akiba, ili umbo lishikwe.

Sasa mkasi unaweza kutoka kabatini. Anzia kona moja na kanuni ya waashi ya tatu, nne na tano: kutoka kona pima sentimita 120 kwenye ukingo mmoja na uweke alama, pima 160 kwenye ukingo mwingine na uweke alama, kisha umbali kati ya alama mbili lazima uwe 200 kamili. Ukizidi, kona imefunguka. Ukipungua, kona imebana. Sogeza mstari wa chaki mpaka ikubali, ndipo uende kona inayofuata. Mstari wa kukata usivuke zile milimita saba na nusu za akiba, la sivyo pindo litameza ukingo wa miraba. Ukiona unalazimika kukata zaidi ya nusu sentimita mahali popote, usikate. Rudi kwenye karatasi yako ya namba. Kuna safu uliyoisamehe.

*Ndugu mhariri, uso wa shuka langu ulikuwa sawa kabisa mpaka nilipotia pindo la kitenge cha rangi moja kuzunguka pande zote nne. Sasa pindo linapiga mawimbi na shuka halilali chini. Nimelipiga pasi mara tatu bila mafanikio. Kosa ni la kitambaa? Msomaji, Tanga.*

Kosa si la kitambaa, na pasi haitaliondoa hata ukiipiga mara ya kumi. Nina hakika karibu kamili kwamba ulikata pindo refu kuliko lilivyohitajika, ukaanza kushona kutoka kona moja, ukafika kona ya pili, ukakata kilichobaki. Karibu kila mtu hufanya hivyo mara ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba ukingo wa shuka huvutika chini ya mguu wa cherehani na pindo hulishwa kadiri ya mvutiko huo, kwa hiyo unapofika mwisho umeshona pindo lililozidi kwa sentimita mbili au tatu, nazo hazina mahali pa kujificha.

Fumua mapindo yote manne. Piga pasi uso wa shuka, upime urefu wake katikati, tuseme umepata sentimita 240. Kata mapindo mawili ya urefu huo kamili, yote mawili sawasawa, hata kama ukingo wa kushoto unadai 242 na wa kulia 239. Kunja kila pindo nusu, kisha robo, utie alama za pini. Fanya vivyo hivyo kwenye ukingo wa shuka. Linganisha alama kwa alama kuanzia katikati na miisho. Ukingo uliorefuka ulale chini kwenye meno ya cherehani, umezwe. Hapa pindo ndilo bwana na shuka ndilo linalotii. Mapindo ya kushoto na kulia yakishashonwa, pima upana katikati, mapindo yakiwemo. Kama uso ulikuwa na sentimita 240 na pindo lina upana wa sentimita 10 likishashonwa, utapata 260, na hicho ndicho kipimo cha mapindo ya juu na chini.

Jambo la pili ni mwelekeo wa kukata. Kitambaa kilichofumwa huvutika kidogo sana kwa urefu wake, sambamba na ukingo uliofumwa kiwandani. Huvutika zaidi kidogo kwa upana. Na kikikatwa mshazari hunyooka kama mpira. Pindo la shuka kubwa likatwe kwa urefu wa kitambaa. Yadi tatu za kitenge ni sentimita 274, kwa hiyo mapindo yote manne ya mfano huu, yaliyokatwa kwa upana wa sentimita 11 na nusu, hutoka humo bila kiungo chochote, na kipande kizuri hubaki cha kushonea foronya. Wauzaji wengine hupima kwa mkono wa kujibana, kwa hiyo pima mwenyewe kabla ya kuondoka dukani. Kitenge kipya kifuliwe na kipigwe pasi kabla ya kukatwa, kwa sababu wanga wake hutoka na kitambaa hupungua. Pindo jipya likipungua baada ya kushonwa kwenye viraka vilivyokwisha kufuliwa miaka mingi, utarudi kuniandikia barua ya shuka lililofura katikati.

*Habari fundi. Mimi siungi miraba, naunga kanda ndefu za sentimita 8 kwa mita mbili, moja baada ya nyingine. Nikifika ukanda wa kumi, kazi nzima imepinda kama ndizi ingawa kanda zote nilizikata sawa. Nairobi.*

Umeshona kila ukanda kutoka mwisho uleule, sivyo? Meno ya cherehani yameyasukuma mambo upande mmoja mara kumi mfululizo, na kila mshono umeongeza milimita yake. Shona ukanda wa pili kutoka juu kwenda chini, wa tatu kutoka chini kwenda juu, na uendelee kupishana hivyo. Mvutano wa mshono mmoja utafuta wa mwenzake. Usizishone mfululizo tu, bali ziunge mbilimbili, kisha jozi kwa jozi, ili upige pasi na kupima kila hatua. Kama cherehani yako ina skrubu juu ya nguzo ya mguu, ilegeze kidogo, maana mguu unaokandamiza sana huzidisha tofauti kati ya kitambaa cha juu na cha chini. Kile ulichokwisha kukishona, fumua mshono wa katikati, geuza nusu moja juu chini, uziunganishe tena zikiwa zimepinda kinyume. Kupinda kutapungua sana. Hakutaisha, lakini kutabaki kwa kiasi ambacho pasi na unyevu vinaweza kukimaliza.

*Je, akiba za mishono zifunguliwe pande mbili kwa pasi kama tunavyofanya kwenye suruali, au zilale upande mmoja? Mshonaji, Mombasa.*

Kwa shuka la viraka mimi huzilaza upande mmoja, kuelekea kitambaa chenye rangi nzito ili rangi isionekane kupitia chepesi, na kwa sababu ya ile faida ya kuumana niliyomweleza mama wa Morogoro. Huzifungua pale tu vipande sita au nane vinapokutana kwenye nukta moja na kutengeneza kibonge ambacho sindano haikipendi. Pasi ya mkaa nayo inafaa kabisa, bali uzito wake ni mtihani: ukiiburuta, inavuta mraba na kuugeuza msambamba. Weka kitambaa chepesi juu ya kazi, majivu yasianguke, na uishushe wima.

*Bibi yangu wa Pemba alishona viraka maisha yake yote na hakuwahi kupima kitu. Mashuka yake hayakuwa mraba na tuliyapenda. Kwa nini mnatutia wasiwasi wa milimita?*

Swali hili limenifurahisha, na nusu yake nalikubali. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya mto huko Alabama, Marekani, walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, vipande vikapinda walivyotaka, na mwaka 2002 mashuka yao yakatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston na baadaye New York. Karibu nasi zaidi kwa damu ni Wasidi wa Karnataka nchini India, ambao baadhi ya mababu zao walichukuliwa kutoka Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mashuka yaitwayo kawandi kwa kuanzia ukingoni, juu ya kitambaa kimoja cha chini, wakizunguka polepole kuelekea katikati, na kwenye kona hutia viraka viitwavyo phula, yaani maua. Tazama ufundi uliomo: ukingo umekwisha kutengenezwa kabla ya kiraka cha mwisho, na kisicholingana humezwa katikati. Inaelekea bibi yako naye alikuwa akishona viraka juu ya kitambaa kizima, naye hakuhitaji kupima kwa sababu kitambaa cha chini kilimpimia. Anayeunga mraba kwa mraba bila kitambaa cha chini hana msaada huo. Upotovu uliopangwa na jicho ni urembo. Upotovu wa cherehani hulifanya shuka lifure, na pamba ikitiwa ndani, kile kilichofura hukunjwa na kushonewa mikunjo isiyotoka tena.

*Naishi chumba kimoja Dar es Salaam, na kitanda kimejaza nusu yake. Shuka la mita mbili na nusu nitalitandaza wapi?*

Usilikamilishe lote kwa pamoja. Shona robo nne, kila moja miraba sita kwa sita; kwa vipimo vya miraba ya Morogoro, kila robo itakuwa na sentimita 121 na nusu pande zote, na hiyo hutosha juu ya kitanda. Inyooshe kila robo peke yake mpaka zote nne ziwe sawa, ndipo uziunge mbili kwa mbili, na mwisho mshono mmoja mrefu wa katikati. Kosa la robo moja ni rahisi kulikamata kuliko kosa la shuka zima. Siku ya kupima kona kwa kona, omba ukumbi wa jirani au kibaraza kilichofagiwa, kwa nusu saa tu.

*Nataka kuanza shuka langu la kwanza. Nitajuaje kama mshono wangu ni sahihi kabla sijakata miraba mia na zaidi?*

Kata kanda tatu za kitenge, kila moja upana wa sentimita tano kamili na urefu wa shibiri moja. Ziunge kwa akiba ya milimita saba na nusu, piga pasi, kisha pima ukanda wa katikati. Uwe na sentimita tatu na nusu. Ukiwa na tatu na milimita tatu, kila mshono wako umezidi milimita moja. Ukiwa na tatu na milimita saba, umepungua kiasi hichohicho. Ukishapata nafasi iliyo sahihi, weka rula chini ya sindano, shusha sindano kwenye alama, na pale ukingo wa rula unapoishia bandika vipande vinne au vitano vya selotepu ya karatasi, kimoja juu ya kingine, vifanye ukuta mdogo ambao kitambaa kitaugusa kikipita. Macho huchoka kufuata mstari, lakini ukuta hauchoki.

Patani ya kukatia nayo isiwe kadibodi kama unakata miraba mingi, kwa sababu chaki na mkasi huila pembeni kidogo kidogo, na mraba wa mia hautakuwa sawa na wa kwanza. Mwombe fundi seremala akukatie kipande cha mbao nyembamba au plastiki ngumu, na umwangalie anapotumia skwea yake. Kile kipimo cha kanda tatu huchukua dakika kumi, pasi ikiwemo, na kirudie kila unapobadilisha sindano, mguu wa cherehani, au mtu anayeketi mbele yake.